Ufunguo wa Tatu

Haya hayakunikuta mimi. Yalimkuta rafiki yangu, fundi wa kuprogramu funguo za magari, naye si mtu wa kutia chumvi.

Mchana mmoja wa mvua aliletewa gari lililokuwa likizimika ovyo kwa hitilafu ya mfumo wa kuzuia wizi. Akashusha mlango wa gereji, akakaa kiti cha abiria, akachomeka mashine. Ikaonyesha gari linatambua funguo tatu. Mwenye gari, mwanamume mfupi aliyekaa kwenye usukani, alikuwa nazo mbili tu: wake na wa mkewe.

"Nilijua!" akafoka, mishipa imemtoka shingoni. "Kuna mwanamume kapewa. Kila nikiingia nakuta kiti kimesogezwa nyuma, na mke wangu ni mfupi kuliko mimi! Futa zote, fundi. Nibakishie wangu peke yake."

"Taratibu, bosi," rafiki yangu akamtuliza. Akaziweka funguo zote mbili mezani, mbali na gari, akarudi kitini, akafuta zote ili kisha ausajili upya wa mwenye gari. Mashine ikasoma sifuri.

Hapo umeme ukakatika. Gereji ikawa giza totoro, ikabaki nuru ya mashine tu mapajani mwa rafiki yangu. Sifuri ikageuka moja.

"Huo wa nani?" mwenye gari akanong'ona.

Mota ya kiti cha dereva ikaanza kulia. Kiti kikarudi nyuma, mwenye gari akiwa juu yake, polepole, mpaka miguu yake ikaning'inia.

"Ndiye huyu," akasema kwa uchungu. Hata hapo wivu haukumwachia.

Injini ikawaka. Chini, mbele ya miguu yake, pedali ya mafuta ikadidimia yenyewe.