Kufuli Kiunoni mwa Fundi

Maiti ya fundi wa umeme ililala kifudifudi kando ya reli inayoipa treni nguvu, hatua chache ndani ya handaki. Kiganja cha kulia kilikuwa kimeungua kikawa cheusi. Kwenye mkanda wake kulining'inia kufuli, limefungwa.

"Sababu yenyewe hiyo hapo kiunoni," alisema msimamizi wa zamu. Alikuwa mwanamume mrefu, tai imemlegea shingoni. "Fundi akitaka kushuka relini huzima umeme, kisha hufunga mpini wa swichi kwa kufuli lake mwenyewe. Kufuli likiwa pale, hakuna awezaye kuuwasha. Huyu alishuka nalo. Alijisahau."

"Nani aliyemwona kwanza?" Inspekta aliuliza.

"Dereva wa treni ya majaribio ya reli hii mpya. Alimwona kwa taa za mbele, akafunga breki, akaniita kwa redio. Nikazima umeme, nikakimbilia huku."

"Ulimfahamu vizuri?"

"Ni shemeji yangu, afande. Mke wangu ni dada yake. Hata kazi hii aliniombea yeye." Akageuza uso.

Inspekta, mwanamke mfupi asiyependa kuharakishwa, alimpa pole. Kisha alipanda ngazi hadi chumba cha swichi. Swichi ilikuwa na mpini mrefu mwekundu, wenye tundu la kupitishia kufuli. Aliugusa. Vidole vya glavu vikatoka vyekundu.

Koplo wake akajizuia kucheka. "Afande, umepigwa muhuri."

"Cheka baadaye. Piga picha, chukua sampuli ya rangi hii. Bado mbichi."

Alirudi chini na kulimulika kufuli la marehemu. Upande wa ndani wa shingo ya chuma kulikuwa na mchirizi mwembamba mwekundu. Alilitia kufuli katika mfuko wa vielelezo, akauziba.

Kesho yake asubuhi alikwenda nyumbani kwa marehemu. Mjane alikuwa sebuleni, ameketi bega kwa bega na wifi yake, mke wa yule msimamizi.

"Wanasema alijisahau," mjane alisema. "Dada yangu, mume wangu hakuweza kuzima jiko la gesi bila kurudi kulitazama tena. Nilikuwa namwambia, ipo siku utarudi kuhakikisha kama kweli ulinioa."

Wifi yake alicheka, kicheko kikageuka kilio.

"Kesho mkurugenzi atasoma taarifa mbele ya mafundi wote," mjane aliendelea. "Mafundi aliowafundisha yeye! Watasikia kwamba mwalimu wao aliuawa na uzembe wake. Na wanangu watakua na jina hilo. Kufa amekufa, simdai Mungu. Lakini jina lake wamwachie."

"Nani aliyeandika taarifa hiyo?"

"Mume wangu," wifi alijibu kwa sauti ndogo. "Alilazimika, ndiye msimamizi. Tangu hapo hali, halali. Anatazama ukuta tu. Walipendana sana wale. Kaka ndiye aliyenilea mimi, afande, na ndiye aliyeniozesha."

Inspekta alizitafakari habari hizo njiani, hadi alipofika katika stesheni nyingine ya reli hiyo mpya. Huko ndiko alikohamishiwa mpaka rangi aliyeng'arisha ule mpini; alimkuta juu ya ngazi, brashi mkononi.

"Mpini wa swichi uliupaka lini?"

"Jana asubuhi, kabla fundi hajafika. Walitaka kila kitu king'ae wageni wa treni ya majaribio wakija."

"Kisha?"

"Nikaingia handakini kumalizia mlango wa handaki kwa ndani. Fundi akanipita akinigombeza, eti nimemchafulia kufuli. Nikamwambia, shukuru sijakupaka wewe."

"Ulimwacha humo?"

"Nilimwacha anakaza nati. Mimi nikatoka, nikaletwa huku."

"Ulivaa nini?"

"Kizibao cha rangi ya chungwa na kofia ngumu. Humo wote tunavaa hivyo, mama. Hata mke hamtambui mumewe."

"Na haya yote hukuyasema?"

"Nani aliniuliza? Jioni nilisikia amekufa kwa sababu hakufunga. Nikadhani labda alipanda, akalifungua, akashuka tena."

Majibu ya maabara yalifika alasiri. Rangi ya kwenye kufuli na ya kwenye mpini ilikuwa moja. Kuhusu alama za vidole, mtaalamu aliandika kwamba hazikuwapo kabisa, hata za mwenye kufuli. Naye daktari aliyeichunguza maiti alithibitisha kwamba ufunguo wa marehemu ulikuwa shingoni mwake, chini ya ovaroli iliyofungwa vifungo vyote.

Msimamizi aliitwa kituoni. Inspekta alimweleza haki yake ya kunyamaza, kisha akaanza.

"Ufunguo wa pili wa kila kufuli hukaa wapi?"

"Kwenye kisanduku, chumba cha kuongozea treni."

"Nani hukifungua?"

"Msimamizi wa zamu. Kwa dharura tu."

"Jana dharura ilikuwa ipi?"

"Hapakuwa na dharura."

Inspekta alimsogezea picha ya kufuli. "Rangi hii ilipakwa jana asubuhi. Kufuli lisilotoka kiunoni liliipata wapi?"

"Labda alilifunga, halafu akalifungua mwenyewe."

"Kisha akalifuta likatakata, akarudi kushika reli?"

Msimamizi aliisukuma picha kando.

"Wageni walikuwa wameshaketi ndani ya treni," alisema. "Mkurugenzi hanipi nafasi ya kupumua, simu juu ya simu. Nami nilikuwa nimejigamba kwamba treni itaondoka bila kuchelewa. Nikamwita shemeji kwa redio. Kimya. Handakini redio hukatakata, nikaona ni kawaida. Mara kwenye skrini namwona mtu wa kizibao anatoka mlangoni, anajifuta mikono. Nikasema ndiye huyo, amemaliza, amesahau kufuli lake."

"Alikuwa mpaka rangi."

"Najua sasa."

"Kanuni inasemaje?"

"Nimwone mwenye kufuli ana kwa ana kwanza. Yeye mwenyewe ndiye aliyenifundisha. Ilikuwa kiasi cha kushuka ngazi tu, afande. Sikushuka. Nikachukua ufunguo wa akiba, nikafungua, nikawasha."

"Na ulipomkuta?"

"Kufuli lilikuwa mfukoni mwangu. Nikalifuta, nikalifunga kwenye mkanda wake kabla wengine hawajafika."

"Uliogopa jela?"

"Jela ningekwenda. Niliogopa kurudi nyumbani. Mke wangu hana baba, hana mama, alikuwa na kaka yule tu. Ningeingiaje mlangoni nimwambie ni mimi? Nikaona afadhali aamini kaka yake alijisahau."

"Na mjane wake je? Na watoto?"

"Sikuwafikiria hao. Nilimfikiria mke wangu. Hapana." Akatikisa kichwa. "Nilijifikiria mimi."

Koplo aliandika maelezo hayo, msimamizi akatia saini. Inspekta alimpigia simu mkurugenzi palepale, akamwambia taarifa ya uzembe isisomwe. Mafundi waambiwe kwamba mwalimu wao alifunga swichi kama alivyowafundisha. Mkurugenzi alianza kuuliza safari za majaribio zitaendelea lini. Inspekta alikata simu, kisha akampigia mjane, akamweleza kwamba mumewe alifunga swichi. Mjane alimsikiliza hadi mwisho. "Ahsante, dada," alisema, asiulize zaidi.

Koplo alichungulia ukumbini. "Mkewe yuko nje, afande. Amemletea nguo safi."

Msimamizi aliinuka nusu, akaketi tena. "Nakuomba umwambie wewe. Mimi siwezi."

"Kwamba kaka yake hakuwa na kosa, nimeshamwambia mjane. Kilichobaki ni chako."

Inspekta alifungua mlango. Dada wa marehemu aliingia na mfuko wa nguo, akamtazama mumewe, akamtazama Inspekta.

"Wifi amenipigia simu sasa hivi. Anasema kaka alifunga. Basi nani aliyemwashia umeme?"

"Keti kwanza, mama watoto."

"Sikai. Sema."

Akasema.