Figa la Kianthenge

Waliokuwa katika mashua ile ni hawa. Ephantus Gichovi, mwenye mashua, mkazi wa mtaa wa Dallas, Embu. Wanjira, mke wake, mja mzito kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi ya kungoja. Runji wa Kathuri, baba yake Wanjira, Mmbeere aliyezaliwa upande huo kabla maji ya bwawa hayajafunika mashamba. Na Mwirigi, rafiki wa Gichovi, muuza viazi katika soko la Gakoromone, Meru, ambaye hakujua kuogelea na alilitangaza jambo hilo kila walipoacha ukingo.

Ilikuwa Jumamosi ya mwezi wa Agosti, miaka michache baada ya bwawa la Masinga kujaa. Vilima vya zamani vilikuwa visiwa sasa, vimepangana mbele ya ghuba kama ua, vikizuia mawimbi. Gichovi alipenda kuvitembelea kimoja kimoja. Alitia nanga, akapanda juu, akatazama, akaendelea. Cha mwisho kiliitwa Kianthenge. Walipokikaribia Wanjira aliinua uso.

"Nani anapika?"

Wote walinusa. Ulikuwa moshi wa kuni, na ndani yake harufu ya maharagwe yanayoungua.

"Hakuna anayekaa huku," alisema Runji. "Tangu watu wahamishwe."

"Basi ni mamba," alisema Mwirigi. "Tungoje, pengine atatukaribisha. Lakini mimi sitakaa karibu na sufuria."

Gichovi alitupa nanga. Ilinasa katika mti uliozama, na walipoivuta kamba ikakatika. Upepo ulikuwa ukiisukuma mashua kwenye miamba. Mwirigi aliizuia kwa kasia, na Gichovi akaruka kisiwani kutafuta jiwe. Alirudi amekumbatia moja kubwa, jeusi kwa masizi.

Runji alisimama. "Umelitoa wapi hilo?"

"Huko juu, baba. Yalikuwa matatu. Nimechukua moja tu."

"Hilo ni figa. Hapo palikuwa jikoni kwa Nelius. Lirudishe."

"Nelius yupi?"

"Mjane, hakuwa na mtoto. Siku ya kuhama kila mmoja alibeba watu wake, na yeye hakuwa na wa kumbeba, akaachwa." Mzee alishusha sauti. "Mkwe wangu, sisi tukihama mafiga tunayaacha yalivyo, kwa sababu hiyo bado ni nyumba ya mtu. Jiko halisimami kwa mawe mawili. Ukiondoa moja, litatafuta la kuziba pengo, na litatafuta nyumbani kwako. Anayeweza kulirudisha ni aliyeliondoa."

"Baba, jiwe ni jiwe."

Alilifunga kamba, akalitumbukiza majini.

Mashua ilitulia. Wakala mkate na ndizi. Kisha kamba ikaanza kutikisika, polepole, kama mtu anayejaribu uzito wa kitu kabla ya kukibeba, halafu ikakaza, na mashua ikageuka yenyewe bila upepo na kuanza kuvutwa kuelekea kisiwani, huku harufu ya maharagwe ikipanda kutoka chini ya maji.

"Usikate!" Runji alipiga kelele. "Livute! Livute juu tulirudishe!"

Gichovi alikata kamba kwa panga. Jiwe likabaki chini, mahali pasipofikika.

Wanjira alishika kichwa. "Mbona panachoma hapa?" akauliza.

Katika nyumba ya Gichovi huko Dallas, walikolala wote wanne, walipikia gesi, lakini asubuhi ya Jumapili vyumba vyote vilinuka moshi wa kuni. Gichovi alimkuta mkewe amechutama katika pembe ya jikoni. Alimvuta, Mwirigi akamvuta, na magoti yake hayakukunjuka. Nywele za utosini zilikuwa zimesinyaa kwa joto, masizi yalitoka usoni pake na kurudi kila yalipofutwa, na juu ya kichwa chake, mahali palipokuwa na hewa tupu, kilisikika kitu kizito kinachotokota, na kila kilipofurika mwanamke yule alikunja shingo kama aliyemwagiwa.

"Anateleka," alinong'ona. "Baba, anateleka chungu juu yangu."

Runji alimvuta Gichovi mlangoni. "Twende sasa hivi. Jiwe halipatikani, basi kaa wewe katika lile pengo mpaka mwenye nyumba aseme basi."

"Nikikaa nitarudi?"

Mzee aligeuka kumtazama bintiye.

"Baba, wewe umeshakula miaka yako. Mimi nina mtoto anakuja. Na huyo mama alikuwa jirani yako, si wangu."

"Hatanikubali mimi."

"Jaribu."

"Gichovi," alisema Mwirigi, "mke ni wako."

"Nyamaza, Mwirigi. Kaa naye hapa."

Wakaenda wawili kwa pikapu, kisha kwa mashua. Gichovi hakutia nanga. Alimshusha mkwewe ukingoni, akaacha injini ikinguruma. Mzee alipanda, akachutama katikati ya mawe mawili chini ya jua kali, akainamisha kichwa.

"Nelius," alisema, "nichukue mimi. Nilikuona ukiwa mlangoni siku ile, nikapita. Mwache mtoto wangu."

Majivu yalikuwa baridi. Hakuna kilichomgusa. Alingoja, akangoja, akalia, na kilichojibu hakikutoka jikoni pale bali kilitoka ndani ya mashua, nyuma ya mgongo wa Gichovi, karibu kiasi kwamba alihisi mvuke shingoni: mwiko uligongwa kwenye ukingo wa chungu, kwa utulivu, kama apigavyo mpishi anayeonja na kuona bado kidogo.

Runji aliinua kichwa. "Amenikataa! Njoo wewe! Mke wako bado anapumua, njoo!"

Kati ya mashua na nchi kavu palikuwa na upana wa mlango. Gichovi alipatazama. Kisha akageuza usukani, akaongeza mafuta, na sauti ya mzee ikamfuata juu ya maji hadi injini ilipoifunika.

Wavuvi walimtoa Runji kisiwani Jumatatu, akiwa hai.

Wanjira alifariki Jumapili ileile, wakati wa chakula cha mchana.