Neno la Sajini Kizibo

Mchana ule Afande alikuwa barazani kwake, miguu ameinyoosha, akimtengeneza mtu kwa tochi mbovu.

Tochi yenyewe ilikuwa ya bati, ile ndefu ambayo yeye na walinzi wenzake wa kiwanda cha magodoro walipewa zamani, kabla ya kuletewa za plastiki. Aliisimamisha sakafuni, upande wa kioo chini, maana ndio mpana. Akatoboa matundu mawili, akapitisha waya uwe mikono. Macho akayafanya kwa vichwa vya misumari. Kofia ikawa kizibo cha soda.

"Askari wako mbona hana kope?" aliuliza jirani yake, fundi seremala, huku akipiga randa ng'ambo ya ukuta mfupi.

"Zamu yake haina usingizi."

"Basi kakushinda wewe."

Mke wa Afande alicheka bila kuondoa mguu kwenye pedali ya cherehani. Binti yao hakucheka. Alikuwa amechuchumaa kando ya goti la baba yake, akitazama jinsi kila msumari unavyoingia. Alikuwa na miaka sita. Walimwita Nukta kwa sababu alizaliwa kabla ya siku zake, mdogo kiasi kwamba muuguzi alimviringisha kwa taulo la kufutia uso. Pumu aliyozaliwa nayo haikumwacha.

Daktari alikuwa ameagiza alale kila mchana. Shida ilikuwa chumba. Kilikuwa cha ndani, hakina dirisha, kina matundu ya hewa tu huko juu karibu na dari. Baba yake akishavaa sare na kuondoka kwenda zamu, Nukta alianza kulia, na kile kilio ndicho kilichombana kifua.

Afande alikuwa amemuuliza anaogopa nini.

"Kuna mtu anakuja mlangoni."

"Yukoje?"

"Kama mama."

"Basi ni mama huyo."

"Si mama," Nukta alisema. "Mama akija, cherehani inanyamaza."

Afande hakulipa uzito. Watoto husema mengi. Lakini alijua kazi ya mlango, na mtoto anayeogopa mlango anahitaji mlinzi. Ndipo alipoikumbuka tochi.

Sajini Kizibo alianza kazi siku hiyohiyo. Aliwekwa nyuma ya mlango wa chumba, uso umeelekea nje. Na kila siku kabla ya kuondoka, Afande alikaa ukingoni mwa kitanda akatoa taarifa ya lindo. Sajini alikamata wingu lililotaka kupita bila kibali. Sajini aliwapanga foleni siafu wa jiji zima akawapekua mmoja mmoja. Kikohozi kilifika getini kikaulizwa kitambulisho, kikajipapasa mifukoni, kikakosa, kikarudishwa kilikotoka. Hiyo ya kikohozi Nukta aliitaka kila siku, na baba akikosea neno alimsahihisha.

"Na akija yule anayefanana na mama?" aliuliza siku moja.

"Kila lindo lina neno la kupitia. Asiyelijua hapiti. Hata awe na sura ya mama. Hata awe na sauti ya mama."

"Nani anachagua neno?"

"Mwenye chumba."

Nukta alifikiri, akamtazama baba yake kuanzia kofia ya sare hadi mkanda uliobana. Kisha akamvuta sikio na kunong'ona: "Kitambi cha baba."

Walicheka mpaka mama akauliza kuna nini huko ndani. Hakuambiwa. Afande alisimama wima mbele ya tochi, akapiga saluti, akaitoa amri kwa sauti ya kazini: bila neno, hakuna kupita, mpaka amri itakapofutwa.

Dawa hiyo ilishika. Nukta alilala. Kifua kikatulia wiki baada ya wiki, hata ile dawa ya kuvuta ikaanza kushika vumbi kabatini. Afande alitembea kwenda kazini huku akipiga mluzi.

Kazini nako mambo hayakuwa mabaya, ila kitambi. Msimamizi mpya alimwambia mbele ya wenzake kwamba tumbo lile linaaibisha sare. Madereva wa malori wakalidaka. Kila aliyefika getini alikuwa na neno lake. Afande akaanza kuvuta tumbo ndani kila akisimama.

Siku yenyewe ilianza kama nyingine. Taarifa ya lindo ilitolewa. Kikohozi kilirudishwa. Afande aliondoka.

Simu ilipigwa ofisi ya getini, kwa sababu simu za walinzi hukaa kabatini wakati wa zamu. Msimamizi aliipokea, akasikiliza, akampa. Madereva wawili walikuwa wameegemea kaunta wakisubiri kugongewa mihuri.

"Baba Nukta," mke wake alisema. Alikuwa akihema. "Kifua kimembana. Dawa ninayo mkononi. Mlango haufunguki."

"Kitasa kimekwama. Muite fundi."

"Fundi yuko hapa. Mlango hauna komeo, hauna kitu, haufunguki. Mtoto anasema niseme neno. Neno gani?"

Afande aliinua macho. Msimamizi alikuwa akimtazama. Madereva nao walikuwa wakimtazama.

"Baba Nukta. Neno gani?"

Lilikuwa kwenye ulimi. Maneno matatu.

"Mwambie fundi avunje," alisema. "Nakuja."

Akakata simu.

Alipanda pikipiki ya kwanza aliyoiona. Njiani alilitamka neno mara nyingi, kwa sauti, na mwenye pikipiki akadhani anatukanwa.

Majirani walimpisha uani. Fundi alikuwa kwenye korido, mtaimbo mkononi, viganja vinatoka damu. Mlango wa mbao nyembamba, alioutengeneza yeye mwenyewe, haukuwa na hata mkwaruzo. Mke wa Afande alikuwa amebandika shavu kwenye ubao. Dawa ya kuvuta alikuwa ameishika bado. Hakugeuka.

Ndani kulikuwa kimya.

Afande aliinama, akasema taratibu, "Kitambi cha baba."

Mlango ukafunguka. Hakuna aliyeusukuma. Ulifunguka kwa wepesi wa pazia.

Nukta alikuwa ameketi kitandani, mgongo ukutani, magoti kifuani. Midomo ilikuwa ya bluu. Macho yalikuwa wazi, yameelekea mlangoni. Sajini Kizibo alikuwa amesimama mahali pake.

Walimzika kesho yake. Watu walipoondoka, Afande aliitafuta tochi ili aivunje. Hakuipata. Hakuna aliyekiri kuichukua.

Mke wake alizungumza mara moja tu kuhusu siku ile. Walikuwa jikoni, anaosha kikombe ambacho kilikuwa safi.

"Alinisikia," alisema. "Nilimwambia ni mimi, mama. Akamwambia yule askari wako, usimfungulie. Si mama. Cherehani inalia."

"Uliiacha inalia?"

"Cherehani ya mguu, Baba Nukta. Inaliaje peke yake?"

Siku ya tatu baada ya mazishi alikwenda kwa dada yake na begi moja. Cherehani aliiacha barazani, imefunikwa shuka. Chini ya sindano kulikuwa na gauni alilokuwa akimshonea Nukta siku ile, halijatiwa mkono mmoja wala vifungo.

Fundi alingoja mama aondoke ndipo akaja. Alikaa ukingoni mwa baraza, mbali na cherehani.

"Afande, mimi sina maneno mengi," alisema. "Mama Nukta alikuwa pembeni yangu kwenye korido. Majirani walikuwa hawajafika. Na mimi niliisikia."

"Umesikia nini?"

"Nani alikuwa anashona?"

Fundi alivifunga tena vitambaa vya viganjani akarudi kwake.

Kiwanda kilimpa siku za msiba. Zilipokwisha alirudi zamu, kwa sababu nyumbani hapakuwa na la kufanya. Hakuvuta tena tumbo ndani. Madereva hawakumtania tena, na hilo lilimuumiza zaidi.

Mlango wa chumba ulikuwa wazi tangu mazishi. Siku yake ya mapumziko aliukuta umefungwa. Alikishika kitasa. Kikazunguka vizuri. Mlango haukusogea.

Ilikuwa mchana, jua liko uani, mashati yake yananing'inia kwenye kamba. Alikwenda jikoni kuchemsha maji. Akiwa huko akasikia cherehani.

Ilikuwa ikienda kwa mwendo wa mke wake, anayekaza kwenye mshono mrefu na kulegeza kwenye kona. Akafurahi. Alidhani amerudi. Akatoka barazani na jina lake mdomoni.

Shuka lilikuwa palepale. Pedali imetulia. Sauti ilikuwa ikiendelea.

Akageuka kuingia ndani.

Mke wake alikuwa kwenye korido. Alikuwa amempa mgongo, ameegemeza paji la uso kwenye mlango wa Nukta. Gauni lilikuwa lile la siku ya msiba. Alikuwa akinong'ona.

"Nukta. Fungua. Ni mama."

Afande hakumwita. Alirudi nyuma mpaka uani, akatoa simu, akapiga. Iliita mara mbili.

"Baba Nukta," mke wake alijibu. Nyuma yake zilisikika sauti za watoto wa dada yake. "Unaumwa?"

"Uko wapi?"

"Niko kwa dada. Kwani vipi?"

Alikata simu. Cherehani ikanyamaza.

Alipoingia tena korido ilikuwa tupu. Alitembea akiwa amejibana na ukuta. Alifika mlangoni, akapiga magoti, akaweka mdomo karibu na kitasa.

"Kitambi cha baba."

Hakuna kitu.

Akarudia.

Kisha ndani, chini kabisa, kwa ile sauti ya mtoto anayesema chini ya shuka:

"Limebadilishwa."

"Nukta. Ni mimi. Ni baba."

Alisikia kitu cha bati kikiburuzwa kidogo sakafuni.

"Sajini anasema hata jana ulisema hivyo."

Jana alikuwa zamu tangu mchana hadi usiku.

Hakuinuka pale kwa muda. Alijaribu maneno. Alitaja vitu alivyovipenda mtoto, kimoja kimoja. Alitaja wingu, siafu, kikohozi. Alisema nisamehe. Mlango haukujibu tena.

Kesho yake alimwomba fundi aung'oe. Fundi alikuja na bisibisi, akiwa tayari kwa kazi ngumu. Skrubu za bawaba zilitoka kama zilizopakwa mafuta. Wakaulaza mlango uani, wakaingia.

Chumba kilikuwa kitupu. Kitanda, godoro lililokunjwa, kibao cha viatu. Hakuna tochi. Lakini pale nyuma ya mlango, kwenye sakafu ya saruji, palikuwa na duara lililochimbika. Lilikuwa na upana wa kioo cha tochi. Kina chake kilitosha kuingiza ncha ya kidole.

"Hii si ya mwezi mmoja," fundi alisema. Alikuwa akinong'ona bila kujijua. "Hapa kasimama mtu miaka."

Mbele yake palikuwa na la pili, hatua moja kuelekea kitandani. Kisha la tatu. Fundi aliyaona yote, asielewe. Afande ndiye aliyeelewa, kwa sababu kazi yake ni hiyo. Mlinzi hasogei kutoka lindoni isipokuwa kwa sababu moja, amezidiwa nguvu. Maduara yalikuwa yakirudi nyuma.

La mwisho lilikuwa chini ya kitanda, limegusana na ukuta.

Lilikuwa na kina kidogo sana. Palepale vumbi lilikuwa limefagiliwa, kama kitu kimeburuzwa kutolewa.

Afande alikaa kwenye fremu isiyo na mlango. Alijua amri aliyoitoa. Alijua pia neno aliloshindwa kulitamka, siku ile kwenye kaunta, mbele ya watu watatu ambao majina yao hakuyakumbuka vizuri. Fundi alimgusa bega, akasema atampelekea mama cherehani yake, angalau hiyo itoke hapa. Fundi akatoka kwenda barazani. Afande alisikia shuka likivutwa.

Halafu hakusikia kitu.

"Fundi?"

"Afande," fundi alisema. "Usije."

Alikwenda.

Gauni la Nukta lilikuwa bado chini ya sindano. Mkono uliokosekana ulikuwa umetiwa. Mishono ilikuwa imenyooka, midogo, ya mtu asiye na haraka. Kifuani, mahali pa kifungo cha juu, palikuwa pameshonwa kizibo cha soda, kimebondwa kikawa bapa, na uzi umepita katikati yake.

Kiti cha cherehani kilikuwa kimevutwa nyuma kidogo. Fundi alikigusa, akauondoa mkono haraka.

Kilikuwa na joto.