Neno la Kabla ya Kushuka Shimoni

Lifti iligoma asubuhi, jengo zima limejaa watu. Wenye visigino walivivua wakavishika mkononi, wenye vitambi wakazitazama ngazi kama wanatazama deni. Mwalimu wa Kiingereza, gauni la kijani limemkaa hadi wanaume walisahau foleni, akachungulia kwenye mlango wa lifti ulioachwa wazi. Kichwa kikaibuka kutoka chini.

"Usichungulie, dada. Humu mna giza na mimi tu."

"Na wewe nani?"

"Fundi lifti. Unakwenda ghorofa gani?"

"Ya juu kabisa. Nina darasa."

"Pole. Ngazi zipo, na Mungu yupo."

Mwalimu akacheka. Kicheko ndicho kilichomponza, maana juma lililofuata fundi alikuwa darasani kwake, shati limepigwa pasi hadi lingeweza kukata mkate.

Siku hiyo somo lilikuwa woga. Mwalimu akaeleza kwamba "afraid" ni la kila siku. "Scared" nalo ni la mazungumzo ya nyumbani. "Nervous" ni tumbo kukoroga kabla ya usaili, na "terrified" ni pale magoti yanapokukimbia, wewe ukabaki.

"Mwalimu, kumbe woga wa wenzetu una vyumba vingi hivyo?"

"Wewe unakaa kipi?"

"Nikikutazama? Nimepanga 'terrified,' chumba na sebule."

Mapenzi yakashika. Lakini mwalimu alikuwa na donda. Baba yake, fundi wa mapaa, aliaga siku moja akisema hakuna shida, akarudishwa amebebwa. Kwa hiyo alimpa fundi sharti moja: kila siku kabla ya kushuka shimoni amtumie neno moja la woga wake. Likiwa kubwa, asishuke.

Kila asubuhi simu ililia: "Nervous." Mwalimu akapumua, akanywa chai.

Hadi alipokutana sokoni na fundi msaidizi.

"Shemeji, jana nusura tukuletee msiba! Waya umechomoka, mumeo mtarajiwa kaning'inia kama popo."

Mwalimu akaweka kikapu chini. Akapiga simu palepale.

"Jana uliniandikia 'nervous.' Ulikuwa umeikagua lifti?"

Fundi akakohoa.

"Nauliza, mpenzi."

"Huwa naandika nyumbani, nikiwa napiga mswaki. Sikutaka uhangaike."

"Kumbe nimekuwa nikinywa chai kwa amani ya mswaki wako!"

Akakata. Tangu hapo hakupokea simu zake. Fundi alipiga, akaomba, akatuma shangazi. Shangazi akarudi na maneno ambayo hayafai kuandikwa. Mwalimu naye hakulala. Kumwacha kulimtisha, kumrudia kulimtisha zaidi.

Kisha mchana mmoja, katikati ya somo, ujumbe: "Terrified. Nipo kazini."

Chaki ikamdondoka. Akapiga: simu inaita, haipokelewi. Akapiga tena. Akashuka ngazi mbiombio, bado anapiga, akavuka barabara hadi jengo ambamo fundi alikuwa akitengeneza lifti siku zile. Ukumbini watu wamejikusanya. Mlango wa lifti wazi. Mfuko wa zana pembeni, na ndani yake simu inaita, inaita, jina la mwalimu mwenyewe likiwaka juu ya kioo.

"Yuko wapi?" Akasogea ukingoni, akalitazama lile giza, akaliita jina la Mungu.

"Usichungulie, mama. Simo humo."

Alikuwa ameketi kwenye ngazi nyuma ya umati, uso umepauka kama unga. Mbele yake bosi anafoka.

Mwalimu akampiga kifuani kwa ngumi, kisha akamshika shati asianguke.

"Kumetokea nini?"

"Nimeikagua kwanza. Breki imekwisha. Nikakuandikia, nikakataa kushuka. Bosi anasema mimi mwoga."

"Ukamjibuje?"

"Nimemjibu ndiyo."

Bosi akasonya, akaondoka kutafuta fundi mwingine. Umati ukatawanyika, umekosa maiti.

"Huenda kesho sina kazi," fundi akasema.

"Nitakuwa na mume asiye na kazi. Nimeshawaona wengi, wanapika vizuri."

"Umesema mume?"

"Nimesema. Au unataka kukimbia?"

"Nataka. Miguu imekataa."

Mwalimu akamshika mkono. Wakaketi hapo kwenye ngazi, na hakuna aliyekuwa na haraka ya kupanda wala kushuka.