Pale Vumbi Lilipokataa Kutua

Vumbi la chuma halichagui. Treni ya madini ikipita Nuadhibu, bandari yetu ya Mauritania, vumbi hutua juu ya mapaa, juu ya mbuzi, ndani ya sinia la wali na samaki, na kwenye ndevu za imamu. Ndiyo maana Tekber alishtuka alipolitazama gari jipya la mumewe. Lilikuwa limejaa vidoa vya kutu bodi nzima, isipokuwa mahali pamoja kwenye mlango wa nyuma. Hapo palibaki peupe pe, na ule weupe ulikuwa na umbo la kiganja chenye vidole virefu kupita kiasi.

Deddahi hakukiona kiganja. Huyu wakala wa forodha, ambaye tumbo lilimtangulia na majigambo yakalitangulia tumbo, aliona kutu tu.

"Gari halina hata mwezi!" alifoka. "Limeota upele kama punda wa maji!"

"Si umeliegesha kando ya reli," Tekber akasema.

"Nililiweka pale watu walione. Ulitaka nilifiche uvunguni?"

Tekber alikuwa kwa mama yake, Nana, arobaini ya uzazi haijaisha, na kisu kimelazwa chini ya mto wa mtoto. Majini hayapatani na chuma, hilo anajua kila mtu aliyelelewa akaleleka. Lakini Deddahi aliwahi kuhudhuria semina Las Palmas, akarudi anajua kila kitu isipokuwa adabu.

Nana alipokiona kiganja, alijiziba mdomo kwa ncha ya mtandio.

"Usilioshe, baba," alinong'ona. "Kuna kitu kinatafuta pa kuingilia. Pale kilipogusa, vumbi la chuma limekataa kutua. Chuma cha gari kimefunikwa rangi; hizo chembe unazozichukia ndizo zinazokizuia."

Huku kwetu mkwe mwenye haya huvuta kilemba usoni mbele ya mama mkwe, akapita pembeni kimya. Deddahi alimkodolea macho, akaangua kicheko.

"Jini la kupanda gari? Liambie lilete nauli kwanza!"

Tekber alitamani ardhi immeze. Mwanamume gani huyu, Mola wangu?

Kesho yake Deddahi aliliosha gari kivulini, akalipulizia dawa ya kuyeyusha vumbi la chuma. Kila kidoa kikatoa chozi la zambarau, michirizi ikateremka milangoni kama damu iliyovia. Akavaa mfuko wa plastiki mkononi, akapapasa bodi ili azihisi chembe zilizobaki, kisha akazing'oa kwa udongo laini wa kusafishia rangi, akilowesha kwa maji ya sabuni, mpaka hakukuwa na hata moja.

"Njooni mguse! Laini kama shavu la mtoto!"

Hakuna aliyegusa. Harufu ya nywele zinazoungua ilikuwa imetanda uani, na ndani ya gari, ambamo hamkuwa na mtu, mkanda wa kiti cha nyuma ulijifunga. Kach!

"Umesikia?" Tekber akanong'ona.

"Gari la kisasa hilo. Mlete mtoto, twende nyumbani. Wenzangu wanakuja kumwona."

Kumwona nani! Walikuwa wanakuja kuliona gari, na mtoto alikuwa pambo lake. Tekber alikataa. Deddahi akamnyakua mtoto na mto wake, kisu kimenasa kwenye foronya, akamlaza kiti cha nyuma. Kisu kikachomoza chini ya mto.

"Kitanichania ngozi ya kiti!" Akakitupa mchangani.

Tekber alipoinama kukiokota, milango ilijifunga yote kwa pamoja. Deddahi akabonyeza ufunguo, akavuta kitasa, akabonyeza tena, wapi! Na ndani mtoto analia, kisha halii tena, na badala ya kilio ikasikika sauti inambembeleza, sauti ya Tekber mwenyewe ingawa Tekber alikuwa nje anapiga kioo kwa ngumi, na juu ya kioo, upande wa ndani, vidole virefu vikajichora kimoja baada ya kingine, taratibu, vikimwelekea mwanawe.

Tekber alikimbilia relini, akazoa madini ya chuma yaliyomwagika, akarudi akiyavurumisha kwenye gari viganja kwa viganja, chuma kikikwaruza milango na boneti.

"Rangi!" Deddahi alipiga ukelele, amemshika mkono. "Rangi yangu! Rangi yangu, mwanamke!"

Hakusema mwanangu. Tekber alilisikia hilo vizuri, akarusha tena.

Mlango ukafunguka. Upepo wa moto wenye harufu ya nywele ukatoka, ukampita Tekber shavuni. Nyuma yake Deddahi, aliyekuwa ameachama, alimeza kitu, akanyamaza.

Mtoto alikuwa mzima. Sheikh anayeandika hirizi aliitwa, akalisomea gari, akaweka mkono bodini.

"Hamna kitu humu. Kimetoka," alisema, na Nana akalia kwa furaha, akateleka chai.

Walikuwa kwenye glasi ya pili treni ilipopita. Upepo ulileta vumbi kama kawaida, likawavika wekundu wote, ndevu za sheikh, mtandio wa Nana, hata povu la chai.

Kanzu ya Deddahi ilibaki nyeupe pe. Hata chembe moja haikutua juu yake.

Alisimama, akavuta kilemba usoni mbele ya mama mkwe, kwa mara ya kwanza tangu aoe.

"Mama," alisema kwa upole, akinyoosha mikono, "nipeni mtoto nimbebe."

Tekber alimkumbatia mwanawe kwa mkono mmoja. Kwa mkono wa pili akakipapasa kisu alichokuwa amekiokota na kukichomeka kiunoni.