Atomi Zilizokataa Kusahau

Picha ya kwanza, Notburga aliilaumu kamera. Ilikuwa siku ya tatu baada ya Krismasi, maabara pale Innsbruck imebaki tupu, wenzake wote wamekwenda kuteleza thelujini. Yeye alikuwa amebakiwa na siku tisa tu kabla ya kukabidhi tasnifu.

Kazi yenyewe haina maajabu. Unazipoza atomi mpaka zitulie, unazipanga mstari, moja, nafasi, moja, nafasi, halafu kuta zinazozitenga unaziondoa ghafla. Zinavurugana. Ukiigusa ya kwanza, mtikisiko husafiri hadi ile ya mwisho, na muda si muda zote zimesahau zilivyoanza. Unapiga picha, picha inaziharibu, unaanza na nyingine mpya.

Hizi hazikusahau. Zilivurugika, kisha zikarudi kwenye mstari wake vilevile. Notburga alifurahi kupita kiasi, maana ugunduzi kama huo haumwangukii mtu mara mbili. Akabonyeza tena na tena, na kila zikirudi chumba kilinuka nywele zilizoungua.

Adhuhuri alitaka kumpigia mama yake, kama kila siku. Jina la mama halikuja. Alilitafuta kichwani akaambulia patupu, ikabidi alisome kwenye kadi ya sikukuu: Rosina. Akajiambia ni uchovu.

Saa nane mchana akaingia Mzee Vinzenz, fundi wa pampu, mtu wa bondeni. Alishika chetezo, maana siku zile kumi na mbili za baada ya Krismasi watu wa kwao hufukiza ubani kila chumba, hata zizi la ng'ombe. Alisimama mlangoni akinusa.

"Toka na moshi wako," Notburga akamwambia. "Vioo hivi vikishika masizi, miaka yangu minne imekwenda na maji."

"Binti, humu mna kitu."

"Mna mimi, na wewe ambaye sijakuita."

Mzee akashusha sauti, akamuuliza swali wanaloulizana watu wa bondeni wakikutana njiani. "Wewe mtoto wa nani?"

Notburga akaigeukia tena ile kadi ya sikukuu. Jina la kwenye kadi halikumwambia kitu.

"Zima," mzee akanong'ona. "Kinakula mwanzo wako, kinazilisha hizo atomi zako."

Notburga alijua mzee hakosei. Lakini ilibaki picha moja, moja tu, na bila hiyo hakuna ambaye angemwamini.

"Hii ya mwisho," akasema. "Halafu fukiza upendavyo."

Akabonyeza, na taa zikafifia, na kifuniko kinachofungua na kuziba miale ya leza kikaanza kugonga chenyewe, tak, tak, tak, bila mkono wa mtu, na ule mnuko wa nywele zilizoungua ukamjaa puani, na kitu kikampita shingoni kwa haraka, baridi, kikielekea nje kama chenye safari, huku mzee akizunguka meza na chetezo, akisali, moshi ukivitia vioo weusi.

Kisha kifuniko kikatulia. Kwenye skrini atomi zilitawanyika ovyo, zimesahau kila kitu. Na yeye akakumbuka: Rosina, jiko la kwao, wimbo wa kumlaza. Alilia kwa furaha, akapiga simu.

"Mama, ni mimi. Notburga."

Upande wa pili ile sauti aliyoijua tangu tumboni ikajibu kwa upole:

"Umekosea namba, mwanangu. Mimi sikujaaliwa mtoto."

Mzee Vinzenz akatazama chetezo chake. Ubani ulikuwa umekwisha, na kwa mama yake Notburga, ambako kile kitu kilikuwa kimeshafika, ni mwendo wa saa tatu kwa treni.