Kila Mama Anapomuulizia Baba

Fundi simu aliipiga kibodi ya maktaba kofi, na wanafunzi wote wakageuka.

"Dada, hiyo kompyuta imekukosea nini?" mkutubi aliuliza.

"Nauliza habari za Alzaima, ugonjwa wa kusahau, inaniuzia mafuta ya kupaka kichwani."

Mkutubi akainama kutazama. Sweta lake la kijani lilinukia sabuni ya kufulia. Fundi alivaa jinzi iliyopauka, bisibisi kaichomeka kwenye nywele. Kwenye kioo cha kompyuta, mzee alikuwa akicheka: *Nilipona kwa wiki mbili.*

"Nani alimpima huyu? Na waliotumia wasipone wako wapi? Ukurasa usiojibu hayo, halafu una kitufe cha kununua, hilo ni duka."

"Na wewe unauza nini?"

"Mimi naazimisha tu."

Fundi alicheka bila kupenda. Mkutubi akamfungulia majarida ya kitabibu: simulizi za mgonjwa mmoja mmoja, zimeandikwa na madaktari waliomtibu, na tafiti za mamia ya wagonjwa za kulinganisha nazo. Siku hiyo walikaa mpaka maktaba ikafungwa. Haikupita muda wakawa wanapigiana simu kila jioni. Fundi akamwita Bwana Vitabu, naye akaitwa Bisibisi.

Kisha ikaja ile Jumapili. Mama wa fundi, mwalimu mstaafu wa hesabu ambaye sasa alikuwa akisahau, aliandaa sahani tatu.

"Baba yako yuko wapi?"

"Mama, baba alifariki."

Mama akaanguka sakafuni, akalia kama mtu anayepewa msiba kwa mara ya kwanza. Jana ilikuwa hivyo hivyo, na juzi pia. Binti akampigia mkutubi huku akilia.

"Pole, laazizi. Subiri kidogo."

Simu ikakatika. Punde ikaingia ujumbe: makala tatu.

Akampigia tena. "Nimekupigia wewe. Sikuipigia maktaba."

"Nilidhani zitakusaidia. Zinasema usimsahihishe..."

"Nimdanganye mama yangu? Yeye aliyenichapa kwa kusema nimeoga, kumbe nimelowesha miguu?"

"Sijasema udanganye, mpenzi."

"Usiniite mpenzi. Huyo mgonjwa wa kwenye makala hana binti? Binti analala vipi? Limeandikwa ukurasa gani hilo?"

Upande wa pili zikasikika karatasi zikipekuliwa.

"Haya, baki na karatasi zako," binti akasema, akakata.

Wiki nzima alifungua simu za watu kwa hasira, skurubu zikamkatikia mkononi. Mkutubi alipiga, hakupokea. Lakini makala alizisoma, tena kwa kununa. Ya tatu ilimhusu ajuza aliyekuwa akimtafuta mumewe aliyekufa. Mwanawe aliacha kumjibu yuko wapi, akaanza kumuuliza habari za huyo mume. Binti akaitupa simu kitandani. Ilimuudhi kwamba ilikuwa na maana.

Jumamosi mchana mkutubi akabisha hodi, mikono mitupu.

"Nimekuja kukaa nanyi tu."

"Kaa. Na usiongee."

Mama akapanga sahani. "Baba yako yuko wapi?"

Jibu la zamani lilikwisha fika mdomoni. Binti akalimeza.

"Umemkumbuka, mama. Hebu niambie, alikuwaje?"

Uso wa mama ukakunjuka. "Mwizi wa karata yule. Anaficha karata ya mzungu wa nne kwenye soksi, halafu anajifanya kukuna mguu." Akacheka mpaka akashika mbavu, akaendelea kupakua chakula.

Jikoni, binti akamgeukia mkutubi, machozi yakimtoka. "Miezi yote hii namuua baba mbele yake kila siku. Na wewe jibu unalo, unanitumia kwa simu."

"Nilikusikia unalia nikaogopa. Nikakimbilia kazi ninayoiweza."

"Ungekuja."

"Ningekuja. Nakosa hata neno la kujitetea." Akavuta pumzi. "Nataka niwepo akiuliza kesho, na keshokutwa. Nataka nikuoe, Bisibisi."

"Bado nina hasira na wewe."

"Njoo nayo."

"Na mama nakuja naye."

"Ukimwacha, harusi hakuna."

Binti akampiga kwa kitambaa cha vyombo, kisha akamkumbatia, bado amenuna.

Walipomwambia mama, alipiga vigelegele, jirani akachungulia dirishani. Akambusu mkutubi mashavu yote mawili, akawaamuru kula. Sahani zilipokwisha kuondolewa, akamtazama mgeni wake kwa makini.

"Huyu kijana ni nani?"

Binti akamshika mkono. "Mchumba wangu, mama. Tunaoana."

Mama akaruka kutoka kitini, vigelegele vikajaa nyumba upya, na mkutubi akasimama kupongezwa tena.